Andrew Foster: kiziwi aliyewafungulia viziwi wa Afrika mlango wa shule

Wengi wenu mnaujua mji wa Gisenyi. Ukiwa Goma unavuka mpaka kwa miguu na umeshafika. Ziwa ni lile lile la Kivu, na wachuuzi wa pande zote mbili wanajuana kwa majina. Karibu na mji huo, tarehe 3 Desemba 1987, ndege ndogo ilianguka na watu waliokuwamo wakafa. Mmoja wao alikuwa mtumishi wa Mungu kutoka Marekani, mtu mweusi mwenye umri wa miaka 62. Kwa miaka thelathini alikuwa amezunguka Afrika akifungua shule. Tangu utoto wake alikuwa hasikii sauti ya mtu, wala ya wimbo, wala ya injini.

Jina lake ni Andrew Foster. Viziwi wa nchi nyingi za Afrika wanamtaja jinsi sisi tunavyowataja wale wa kwanza walioleta Injili kwenye vilima vyetu. Lakini katika makanisa yetu ya mashariki, wengi hawajapata kusikia habari zake. Tumeona vema kueleza maisha yake kutoka hapa Bunia kwa sababu mbili. Kwanza, ugonjwa uliomfunga masikio bado uko kati yetu. Pili, maisha yake yanatusaidia kutenganisha mambo mawili ambayo sisi huyachanganya: kile ambacho ugonjwa unamnyang'anya mtoto, na kile ambacho watu wanamnyang'anya baadaye.

Mtoto wa mchimba makaa

Andrew alizaliwa tarehe 27 Juni 1925 huko Ensley, kando ya mji wa Birmingham, katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Eneo hilo liliishi kwa makaa ya mawe na viwanda vya chuma. Baba yake alikuwa mchimba makaa. Ndugu zetu wa Mongbwalu wanaweza kuelewa maisha ya namna hiyo bila maelezo mengi: baba anashuka ardhini alfajiri, mama anahesabu chakula mpaka siku ya mshahara, na watoto wanalala wengi katika chumba kimoja.

Juu ya umaskini huo kulikuwa na sheria za ubaguzi. Huko Alabama wakati ule watu weusi na weupe hawakusoma shule moja, na huduma bora ziliwekwa upande wa weupe. Mtoto mweusi alipougua, nafasi yake ya kupona ilitegemea pia rangi ya ngozi yake.

Mwaka wa 1936, Andrew akiwa na miaka 11, yeye na ndugu yake Edward walishikwa na homa ya uti wa mgongo. Wote wawili walipona. Lakini wote wawili hawakusikia tena.

Kilichotokea ndani ya sikio

Hapa tusimame kidogo, maana wazazi wengi hutuuliza inawezekanaje homa ikaondoka na mtoto akabaki kiziwi.

Sikio lina sehemu tatu. Ya nje ni ile tunayoiona. Ya katikati iko nyuma ya ngoma ya sikio. Ndiyo inayotoa usaha mtoto anapougua sikio. Ya ndani imefichwa ndani ya mfupa wa kichwa. Humo mna kiungo kidogo kilichojikunja kama kombe la konokono, kimejaa maji, na ndani yake zimepangwa chembe zenye vinyweleo vidogo mno. Sauti ikiingia, maji yanatikisika, vinyweleo vinainama, na habari inapelekwa kwenye ubongo kwa mshipa wa fahamu. Karibu na konokono huyo kuna mifereji inayolinda usawa wa mwili ili tusianguke tunapotembea.

Chembe hizo ni maelfu tu katika kila sikio. Tunazaliwa nazo, na zikifa kwa mwanadamu haziota tena. Jeraha la ngozi hupona na mfupa uliovunjika huunga, lakini chembe za kusikia zilizokufa zimekwenda.

Katika homa ya uti wa mgongo, vijidudu viko katika maji yanayozunguka ubongo. Maji hayo yana njia nyembamba inayofika mpaka sikio la ndani. Vijidudu na uvimbe vinapita humo na kuharibu chembe zile, mara nyingi katika siku za kwanza kabisa za ugonjwa. Wataalamu wanakadiria kwamba katika kila watu kumi wanaopona homa ya uti wa mgongo inayoletwa na bakteria, karibu mmoja hubaki na upungufu wa kusikia. Wengine hubaki wakiyumba, na mtoto aliyekwisha kutembea analazimika kujifunza upya.

Kwa hiyo hakuna aliyewaroga Andrew na Edward. Hakuna babu aliyekasirika. Kijidudu kiliingia. Lakini swali linabaki: kwa nini kiliingia katika nyumba ile, na kwa nini hakikuzuiwa? Vijidudu vya homa hii hupita kwa mate na kwa pumzi kati ya watu wanaoishi karibu sana, kwa hiyo nyumba yenye watoto wengi chumba kimoja huvipa njia. Tena mwaka wa 1936 dawa za salfa zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza kujulikana, na penisilini haikuwafikia watu wa kawaida mpaka miaka ya 1940. Mtoto wa mchimba makaa alikuja mapema mno kwa dawa, na katika mtaa ambao haungekuwa wa kwanza kuipata.

Mlango wa pili uliofungwa

Ugonjwa ulichukua kusikia kwake. Yaliyofuata yalifanywa na watu.

Alabama ilikuwa na shule ya viziwi weupe na nyingine ya viziwi weusi, mjini Talladega. Andrew alipelekwa hiyo ya pili. Huko alijifunza lugha ya ishara, na hilo lilikuwa zawadi kubwa. Lakini masomo kwa mtoto mweusi kiziwi hayakufika mbali. Baada ya madarasa machache ya msingi, njia ilikatika.

Akiwa kijana wa miaka 17 hivi alihamia kaskazini, katika mji wa Detroit, kwa shangazi yake. Alifanya kazi za mikono na kusoma wakati wa usiku. Ni huko Detroit alikompokea Yesu Kristo kuwa Mwokozi wake, na ni huko habari za kazi ya mission zilipomgusa. Alitamani kwenda kuwahudumia viziwi ambao hakuna aliyewapelekea Neno. Lakini alijua kwamba kwanza lazima asome.

Kulikuwa na chuo kimoja nchini kwake kilichojengwa kwa ajili ya viziwi, Gallaudet, katika mji mkuu wa Washington. Aliomba nafasi na kukataliwa, akaomba tena na kukataliwa tena, kwa sababu alikuwa mweusi. Hakuacha. Alimaliza masomo ya sekondari kwa njia ya barua, na mwaka wa 1951 Gallaudet wakampokea. Mwaka wa 1954 alipata digrii yake. Anahesabiwa kuwa Mwamerika mweusi wa kwanza kuhitimu katika chuo hicho. Akaendelea mpaka akapata digrii ya pili katika elimu huko Michigan, na nyingine ya mambo ya mission huko Seattle.

Tunaomba kila mzazi mwenye mtoto kiziwi asome tena aya hiyo. Masikio ya Andrew hayakubadilika kati ya mwaka wa 1936 na 1956. Yalikuwa kiziwi kabisa mwanzo na mwisho. Kilichobadilika ni kwamba alipata lugha, na milango iliyokuwa imefungwa akaigonga mpaka ikafunguliwa.

Kutoka Accra mpaka Kongo

Mwaka wa 1956 alianzisha mission kwa ajili ya viziwi wa Afrika, na mwaka wa 1957 akafika Ghana. Nchi hiyo ilikuwa imepata uhuru mwezi wa Machi mwaka huo huo. Katika bara zima shule za viziwi zilikuwa chache mno. Katika sehemu nyingi watu walidhani hapakuwa na watoto viziwi, na kumbe walikuwapo, wamefichwa nyumbani. Foster aliwatafuta. Mtoto kiziwi alipoona mtu mzima mweusi, kiziwi kama yeye, amevaa suti na anafundisha, alijifunza jambo moja kabla ya somo la kwanza kuanza.

Alifungua shule mjini Accra katika madarasa ya kuazima, wakati ambapo wenye kusikia hawakuyatumia. Baadaye kazi ikahamia Mampong-Akuapem, ikawa shule ya bweni. Katika miaka iliyofuata alifungua shule Ibadan, Kaduna na Enugu, nchini Nigeria. Mwaka wa 1959, katika mkutano wa viziwi wa dunia huko Wiesbaden, Ujerumani, alikutana na Berta Zuther, Mjerumani ambaye naye alikuwa kiziwi. Walioana mwaka wa 1961 na wakapata watoto watano. Mama Berta alishika sehemu kubwa ya kazi hiyo, na alibaki na watoto mara nyingi mume wake alipokuwa safarini.

Kuanzia miaka ya 1970 Foster aligeukia zaidi nchi zinazotumia Kifaransa. Akajifunza Kifaransa akiwa mtu mzima asiyesikia, kwa macho na kwa maandishi. Akafungua shule au kusaidia kuzifungua katika nchi kama Côte d'Ivoire, Togo, Benin, Senegal, Chad, Kameruni, Jamhuri ya Afrika ya Kati, Burundi na nchi yetu, ambayo wakati ule iliitwa Zaire. Kwa jumla zinahesabiwa shule 31 katika nchi 13. Huko Ibadan aliwakusanya waalimu kutoka nchi hizo na kuwafundisha, na wengi wao walikuwa viziwi. Ndiyo maana leo kiziwi wa Kinshasa na kiziwi wa Lomé wanaweza kuelewana wakikutana, hata kama lugha za nyumbani kwao ni mbali.

Alikuwa mtu wa mpango rahisi. Aliomba kanisa limpe chumba, akafungua pia shule ya Jumapili kwa viziwi, akamtafuta mwalimu wa kumwachia, akasonga mbele. Alirudi Marekani mara kwa mara kuomba michango katika makanisa. Mwaka wa 1970, Gallaudet, chuo kile kile kilichomkataa, kilimpa heshima ya udaktari.

Kazi yake ina upande unaojadiliwa, nasi hatutauficha. Ishara alizozileta zilitoka Marekani. Katika sehemu fulani za Afrika viziwi walikuwa na ishara zao wenyewe, na leo wengine wanasikitika kwamba baadhi yake zilisukumwa pembeni. Ni jambo la kukumbukwa na kila mtu anayeleta msaada kutoka mbali, na sisi wenyewe tumo, tunapoingia kijijini na mipango iliyoandikwa mjini.

Masikio ya Bunia

Sasa turudi nyumbani. Yaliyompata Andrew mwaka wa 1936 yanaweza kumpata mtoto wa Bunia leo, na sababu zake tunazijua.

Tangu vita vya 1999 mpaka 2003, na tena tangu mwisho wa mwaka wa 2017, watu wengi wa Djugu na wa sehemu nyingine za Ituri wamekimbia. Hapa mjini tunajua kambi ya Kigonze: vibanda vimebanana, jamaa nzima inalala mahali pa mkeka mmoja. Watu hawakuchagua kubanana hivyo, wamefukuzwa na bunduki. Lakini kijidudu cha homa ya uti wa mgongo hakiulizi sababu, kinatafuta tu watu walio karibu karibu. Mwezi wa Septemba 2021 wakuu wa afya walitangaza mlipuko wa homa hii Banalia, katika jimbo jirani la Tshopo. Zaidi ya watu 2,000 waliugua na wapatao 200 wakafa. Waliofariki walihesabiwa. Waliobaki bila kusikia, nani amewahesabu?

Vita pia vinaharibu hospitali. Mwezi wa Septemba 2002 hospitali ya kiinjili ya Nyankunde, ambayo kwa miaka mingi ilitibu watu wa mkoa mzima, ilivamiwa, wagonjwa na wakaaji wengi wakauawa na majengo yakaporwa. Mtoto mwenye homa ya uti wa mgongo anahitaji dawa ndani ya saa chache. Kila barabara iliyofungwa na kila kituo kilichochomwa kinaongeza saa hizo. Kwa hiyo tunaposema kwamba amani ni dawa, kwa sikio la mtoto maneno hayo ni kweli kabisa.

Ziko njia nyingine za kuharibu sikio la ndani. Surua na matumbwitumbwi yanaweza kufanya hivyo. Rubela ikimpata mama mwenye mimba inaweza kumharibu mtoto masikio kabla hajazaliwa. Mtoto mchanga aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, au aliyepata manjano kali isiyotibiwa, yuko katika hatari. Usaha wa sikio la katikati usiotibiwa unaweza kuingia mpaka ndani, na watoto wanaokaa katika moshi wa jiko na katika msongamano wanaugua masikio zaidi. Wengine huzaliwa viziwi kwa urithi tu, bila kosa la mtu yeyote.

Dawa pia zinahusika. Sindano za jentamisini na streptomisini zinaokoa maisha, lakini zikizidi kipimo, au zikidumu muda mrefu, zinaweza kuua chembe zile za kusikia. Kwinini nyingi huleta mlio masikioni. Hatusemi mtu akatae dawa aliyoandikiwa na daktari. Tunasema asichomwe sindano na jirani, wala asinunue dawa sokoni kwa kukisia. Na tusimwagie mtoto mafuta wala maji ya majani katika sikio linalotoa usaha.

Kelele zetu wenyewe

Halafu kuna kelele. Wataalamu wa usalama kazini wanasema kwamba sauti ya desibeli 85, kama ya barabara yenye magari mengi, isizidi saa nane kwa siku. Kila desibeli tatu zinapoongezeka, muda huo unapungua kwa nusu. Ikifika desibeli 100, dakika kumi na tano zinatosha. Mlio mmoja wa risasi karibu na sikio hupita 140, na unaweza kuharibu papo hapo. Anayesimama mchana kutwa kwenye mashini ya kusaga mawe ya dhahabu, fundi wa jenereta, kijana wa duka la muziki anayelala kati ya bafle zake, wote wanapoteza chembe zao pole pole bila maumivu. Wanapogundua, wamekwisha kuchelewa.

Hapa lazima tukiri. Katika makanisa yetu tumenunua bafle kubwa kuliko nyumba ya ibada. Kwaya inapoimba, anayekaa mbele anahisi kifua kinatetemeka, na tunasema Roho ameshuka. Watoto wa shule ya Jumapili tunawakalisha chini, mbele kabisa, masikio yao yakiwa sawasawa na bafle. Mama mmoja aliwahi kutuomba tupunguze sauti kwa ajili ya mtoto mchanga mgongoni mwake. Tulimwonyesha mahali pa kukaa nje. Leo tunaona haya tukikumbuka. Kazi yetu ilikuwa kuhamisha bafle, tukamhamisha mama.

Na kama sauti zetu zinaharibu masikio ya wanaosikia, viziwi walioko kati yetu tunawafanyia nini? Wanakaa nyuma. Wanasimama watu wakisimama, wanakaa watu wakikaa. Tunawaita bubu, ingawa wengi wana sauti na wana mengi ya kusema. Tunawaombea waponywe kila Jumapili, na hatujawahi kujifunza kuwasalimu kwa ishara. Wengine tumewauliza wazazi wao walifanya dhambi gani. Wanafunzi wa Yesu waliuliza swali hilo hilo juu ya mtu aliyezaliwa kipofu, na Bwana alikataa kulijibu kwa namna waliyotaka.

Katika Injili ya Marko, sura ya saba, tunasoma habari za kiziwi aliyeletwa kwa Yesu. Bwana alimtenga kwanza na makutano na kelele zao. Kisha akatia vidole masikioni mwake, akagusa ulimi wake, akatazama mbinguni. Kabla ya muujiza, Yesu alizungumza naye kwa namna ambayo macho yake yaliweza kuelewa. Muujiza ni wa Mungu. Lakini ile sehemu ya kwanza, ya kumtenga na kelele na kusema naye kwa mikono, kila mmoja wetu anaiweza.

Yaliyobaki baada ya ndege kuanguka

Andrew Foster alikufa safarini, katika kazi ile ile. Hakuacha mali. Aliacha waalimu viziwi waliofundisha viziwi wengine, na hao wakafundisha wengine. Baadhi ya shule zake zimechukuliwa na serikali, nyingine ziko mikononi mwa makanisa. Mwaka wa 2004 Gallaudet walikiita kwa jina lake ukumbi mmoja wa chuo. Na jambo lingine: mwaka wa 1992 Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 3 Desemba kuwa siku ya watu wenye ulemavu duniani. Ni tarehe ile ile Foster aliyofia karibu na Gisenyi. Hatusemi kwamba waliichagua kwa ajili yake. Lakini sisi wa mashariki, tulio majirani wa mahali alipoangukia, tunayo sababu ya pili ya kuikumbuka siku hiyo.

Basi tunaomba makanisa yetu yafanye mambo machache kabla ya tarehe 3 Desemba ijayo.

Wamama wapeleke watoto kwenye chanjo mpaka wamalize zote, pamoja na ya surua, ya pentavalenti na ya numokoki. Hizo mbili za mwisho zinazuia baadhi ya vijidudu vya homa ya uti wa mgongo, ingawa si vyote. Huko Banalia kilikuwa kijidudu cha aina nyingine. Mtoto mwenye homa kali, shingo ngumu, kutapika na kuchukia mwanga asingoje asubuhi wala asipelekwe kwanza kwenye chumba cha maombi. Apelekwe hospitali, nasi tuombe njiani. Akipona, wazazi waombe apimwe masikio kabla hajatoka au katika wiki chache zinazofuata. Kupiga makofi nyuma yake hakutoshi, kwa sababu mtoto anaweza kuhisi upepo wa mikono au kuona kivuli.

Wanaoshika mitambo ya muziki wageuze bafle zisielekee watoto, na wazee wa kanisa wasione aibu kusema sauti ishuke. Anayefanya kazi kwenye mashini azibe masikio yake.

Na kila kanisa lihesabu viziwi wake kwa majina, wakiwamo wale wasioletwa ibadani. Pale ambapo kiziwi anajua lugha ya ishara, vijana wawili wakae chini yake awafundishe. Awe yeye mwalimu na sisi wanafunzi. Foster alianza Accra na chumba cha kuazima saa ambazo wengine hawakukitumia. Vyumba vyetu vya shule ya Jumapili vinakaa vitupu kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi.

Mtoto wa miaka 11 anayeamka leo kutoka homa, katika kambi au katika mtaa wa Bunia, na kukuta dunia imenyamaza, huenda hatasikia tena kamwe. Hilo hatuwezi kulirudisha. Lakini kama atapata lugha au atakaa miaka yote mlangoni akitazama midomo ya watu, hilo liko mikononi mwetu. Bwana atusaidie tusimfungie mlango wa pili. Amina.